Makubazi ya Mzee Adinani

Siku tisa baada ya kumzika Mzee Adinani Pazi, Pelagia Kalugula aliletewa barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa kosa la kumwigiza marehemu. Barua yenyewe haikusema hivyo, maana barua za ofisini hazina ujasiri huo. Ilisema ametoa tuhuma za uongo hadharani dhidi ya mwanzilishi wa kampuni, na kwamba ameishushia kampuni hadhi mbele ya wateja wake. Pelagia aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni mwa stoo, kisha akacheka peke yake. Alidhani Mustafa, mtoto wa marehemu aliyerithi kampuni, anamtania.

Alikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Marehemu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, yeye Mnyamwezi wa Bukene, na kwa mtu wa Tabora maelezo yanaishia hapo. Lakini siku hizi wapo watu waliosoma mpaka wakasahau walikotoka, basi kwa faida yao tuyaseme tena. Tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka na mizigo begani kutoka huku mpaka pwani na kuwakuta Wazaramo mwisho wa safari, watu hawa ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukanyamaza. Anaweza kukamata kuku wako akaondoka naye. Na ukifa, kabla maiti haijatoka ndani, ana haki ya kuvaa nguo zako, kutembea ulivyokuwa ukitembea na kukohoa ulivyokuwa ukikohoa, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Anayekasirika ndiye anayeaibika.

Mustafa alikuwa amekasirika. Ilimchukua Pelagia siku tatu kulielewa hilo.

Mzee Adinani, baba yake Mustafa, alikuja Tabora kwa treni akiwa kijana, akapanga chumba mtaa wa Ng'ambo, akaanza kununua asali ndoo mbili tatu na kuwauzia abiria stesheni. Alipofariki aliacha ghala kubwa Kanyenye, wafanyakazi arobaini, na makopo yenye jina la kampuni yake yanayouzwa Ulaya. Pelagia alianza kwake kama karani wa stoo, akapanda hadi kuwa meneja wa ununuzi, mtu wa tatu kwa ukubwa pale, mwenye ofisi yake na gari la kampuni. Kwa miaka ishirini na moja, kila asubuhi, mzee alimpokea kwa maneno yaleyale.

"Mpagazi wangu amefika?"

"Amefika. Mzigo umeamkaje?"

Na kila goti lilipomsumbua, mzee alimnyooshea kidole. "Mpagazi, siku nikifa unicheze vizuri. Ukinicheza vibaya nafufuka, naapa."

Basi alimcheza vizuri. Wafugaji nyuki wa Bukene walikuja msibani na Fuso, wamejazana nyuma, akiwemo kaka yake mkubwa, Vedasto. Pelagia aliingia chumbani kwa marehemu bila hodi, akatoka amevaa kanzu yake, kofia yake, na makubazi yake ya ngozi yaliyolika upande mmoja. Alipiga chafya ya mzee. Aliwakemea waliobeba jeneza kwamba wanapoteza saa za kazi. Mjane alikuwa ameshika mbavu. Ndipo kutoka kwa wale wa Bukene ikatoka sauti: "Mizani! Mpagazi, tuonyeshe mizani!"

Hilo hakuwa amelipanga. Lakini watu wamekuzunguka, wanapiga makofi, utasemaje hapana? Alifudikiza beseni chini likawa mizani, akampa mama mmoja ndoo tupu aiweke juu, ua ukawa gulio la asali. Akaikusanya kanzu kwa mkono wa kushoto kama mzee, akainama, akamtazama yule mama usoni kwa huruma kabisa. "Habari za Bukene? Yule binti yako wa mwisho, kifua kimepona?" Na mama alipokuwa anajibu, kidole gumba cha mguu wa kulia, ndani ya kubazi, kikajipenyeza taratibu chini ya ukingo wa beseni, kikaliinua kidogo tu, kidogo sana. "Kilo ishirini na tano!" akatangaza Pelagia kwa sauti ya mzee.

Ua mzima ulilipuka. Watu wa Bukene walipigana migongo. Hata Mustafa alicheka, na kicheko chake kimo kwenye video. Jeneza lilipotoka, yeye mwenyewe alimkabidhi Pelagia haki ya watani. "Chukua makubazi, shangazi. Umeyastahili."

Video hiyo haijulikani aliipiga nani. Kufikia jioni ilikuwa imezunguka mji mzima, kufikia wiki iliyofuata ilikuwa imefika kwa mnunuzi wa Ulaya, ambako hakuna Mzaramo wala Mnyamwezi. Kule kila kopo la asali lina maandishi kwamba mfugaji amelipwa kwa haki. Mnunuzi aliandika swali moja: ni kweli kwamba mizani yenu ilikuwa inainuliwa kwa mguu?

Mustafa alijibu kwamba ni uzushi wa mfanyakazi mwenye chuki, na kwamba anachukuliwa hatua. Kisha akazichukua.

Kikao cha nidhamu alikiongoza mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti cha baba yake. Alikuwa na miaka thelathini na nne, suti iliyombana mabega, na tabia mpya ya kuangalia simu mtu akisema. Tangu akiwa mtoto alimwita Pelagia shangazi.

"Bi. Kalugula, unakiri kwamba ni wewe kwenye hii video?"

"Mustafa, wewe ndiye uliyenikabidhi viatu."

"Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ndiye aliyenikabidhi viatu."

"Jibu ulichoulizwa!"

"Ni mimi. Nani mwingine Tabora hii anaweza kumcheza baba yako vile?"

Mustafa aliweka simu mezani. "Baba yangu hakuwa mwizi."

"Nimetamka wapi neno mwizi? Nilinyanyua kidole cha mguu."

"Umekula kwa baba yangu miaka ishirini na moja. Amekutoa kwenye kufagia stoo. Hajapoa kaburini unamfanya kichekesho cha Wazungu." Akanyoosha kidole mlangoni. "Toka. Toka ofisini kwangu, na usikanyage tena."

Kesho yake askari wa getini alimnyang'anya funguo za gari huku akimwomba radhi. Vitu vyake vilikuwa vimerundikwa kwenye katoni ya asali, pamoja na barua ya kufukuzwa yenye neno uongo ndani yake. Kwa barua ya namna ile, mama wa miaka hamsini na moja hapati tena kazi kwenye asali, si Tabora, si Sikonge, si popote ambako watu huulizana kabla ya kuajiri. Alijitwisha katoni kichwani akatembea kwa miguu katikati ya Kanyenye, jua la saa saba, akiamkiwa na kila mwenye duka. Alipogeuka alimwona Mustafa dirishani anamtazama. Kuanzia saa ile Pelagia alimchukia, na hakujisumbua kulificha.

Alipeleka mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi kabla ya siku thelathini kwisha. Aliyemsaidia ni Festo, katibu wa chama cha wafanyakazi, mtu mwembamba mwenye fulana ya Mei Mosi ya kila mwaka na sheria za kazi kichwani.

"Kesi hii tumeshinda tukiwa tumelala," alisema Festo. "Mila inajulikana. Mkurugenzi mwenyewe anaonekana anacheka. Wewe kazi yako ni moja, mama. Utaapa, halafu utasema ulikuwa utani, hakuna ukweli ndani yake. Basi."

"Basi," alisema Pelagia.

Sasa, hapa pana jambo ambalo hakumwambia Festo. Ukweli ulikuwamo, wote. Mzee Adinani alikuwa anainua mizani. Ilikuwa mizani ya zamani ya chuma, yenye bamba la kuwekea mzigo karibu na ardhi, ambalo likiinuliwa kidogo kwa chini kilo zinasoma pungufu, na kubazi lake lilikuwa limelika pale pale lilipokuwa linagusa bamba. Alimfundisha Pelagia wiki ya pili tu ya kazi, bila aibu yoyote. "Asali ina nta, mpagazi. Ina nyuki waliokufa, ina maji. Nikianza kubishana na kila mtu juu ya taka zake nitafunga duka. Mguu unamaliza ubishi." Na lile swali la watoto lilikuwa na kazi yake. Mtu ukimuuliza mwanawe, anakutazama usoni.

Goti la mzee lilipokufa kabisa, Pelagia alishika mizani. Kwa miaka saba kidole kilichoinua bamba kilikuwa chake, mpaka mnunuzi wa Ulaya alipodai mizani ya umeme, isiyokubali kuchezewa. Naye Pelagia aliuliza habari za watoto. Mbaya zaidi ni kwamba majibu alikuwa anataka kweli kuyajua. Alijua mtoto gani ana pumu na yupi amefaulu, na alipeleka madaftari Bukene kila Januari, na alikuwa analala usingizi mzuri. Mtu anaweza kuzoea chochote, na Pelagia alizoea.

Usuluhishi ulikuwa kwenye chumba chenye meza moja na feni mbovu. Msuluhishi alitoka nje kidogo kupokea simu, na Mustafa akasogeza karatasi mezani. Safari hii hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajala vizuri.

"Shangazi," alisema.

"Bi. Kalugula."

Akajirekebisha. "Bi. Kalugula. Mnunuzi hajaridhika na maneno yangu. Anataka maneno yako. Tia saini hapa kwamba ulikuwa utani na hakuna ukweli, Jumatatu unarudi ofisini. Gari lako, mshahara wako, barua ile naichana mbele yako."

Pelagia aliisoma karatasi bila haraka. "Juzi uliandika si utani, ni uongo. Leo unataka uwe utani."

"Nataka yaishe."

"Unataka wewe! Mimi nilipojitwisha katoni Kanyenye nzima inaniangalia, ulitaka nini?" Aliisukuma karatasi mpaka ikaanguka sakafuni. "Maneno haya nitayasema, Mustafa. Lakini nitayasema mbele ya mwamuzi, nikiwa nimeapa, halafu atakuandikia kwamba umenionea. Nitarudi ofisini kwa amri. Hutanirudisha wewe kwa huruma yako. Okota karatasi yako."

Mustafa aliiokota. "Una roho mbaya," alisema kwa sauti ya chini. "Baba alikuwa anasema una roho nzuri. Alikuwa hakujui."

"Alinijua kuliko wewe."

Msuluhishi aliporudi aliwakuta wamepeana visogo, akaandika kwamba usuluhishi umeshindikana.

Wiki moja kabla ya kusikilizwa kwa kesi, Pelagia alipanda basi kwenda Bukene kumwomba kaka yake aje kutoa ushahidi. Alimkuta Vedasto nyuma ya nyumba anashona mzinga wa gome kwa kamba za miti, miguu ameinyoosha kwenye majani. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na makovu ya nyuki mpaka kwenye kope.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekonda. Wanakulisha nini huko mahakamani?"

Alimweleza. Vedasto alisikiliza huku akiendelea kushona. Hakuuliza hata swali moja, jambo ambalo Pelagia alilifurahia wakati ule. "Nitakuja," alisema. "Mzee alikuwa mtani wetu, nitasema hivyo. Halafu nipande treni nirudi, nina mizinga ya kupandisha mitini."

Jioni walikula ugali wa mtama na mlenda, na Vedasto akawa mwepesi wa maneno. Alimkumbuka baba yao, aliyefariki mwaka wa nne wa Pelagia kwenye mizani. "Baba alivyofurahi ulipoishika mizani ile! Alikuwa hataki tena kumtuma mtu. Anabeba ndoo zake mwenyewe mpaka Tabora, mgongo ule mbovu. Akirudi anatuhadithia: mwanangu kaniuliza kifua, mwanangu kaniuliza kama nalala vizuri."

Pelagia aliacha kula. Aliikumbuka ndoo ya baba yake. Ilikuwa ya bluu, mfuniko wake umefungwa kwa kitambaa. Aliikumbuka kwa sababu siku ya kwanza alijiambia hii nitaiacha, hii ni ya baba. Lakini karani mwingine alikuwa amesimama pembeni na daftari, na watu wa Bukene walikuwa kwenye foleni wakilinganisha, na mguu ulikuwa umeshazoea. "Baba, kifua kinaendeleaje?" aliuliza, na kidole kikaenda. Siku ya pili hakujiambia chochote. Usiku ule Bukene alijiona mchafu, akajigeuza kitandani mpaka mke wa Vedasto akamuuliza kama anaumwa tumbo.

Siku ya kesi Pelagia alivaa gauni lake la kanisani, na kwenye mfuko wa plastiki alibeba makubazi. Festo ndiye aliyetaka yaletwe kama kielelezo, ili mwamuzi aone kwamba Mkurugenzi alitoa haki ya watani kwa mkono wake.

Mustafa alitoa ushahidi kwanza. Kisha mwamuzi, mama mtulivu aliyekuwa akiandika kila neno kwa mkono, alikubali Vedasto atangulizwe kwa ajili ya treni yake. Vedasto aliapa kwa Biblia, akaeleza utani vizuri kuliko kitabu. Wakili wa kampuni, Revocatus, aliinuka taratibu akifunga kifungo cha koti.

"Mzee Vedasto, wewe ulikuwepo. Ulicheka?"

"Nilicheka."

"Ulicheka kwa sababu ulikuwa unaujua mchezo huo wa mguu?"

Vedasto alitazama mikono yake. "Mtani akicheza, wakili, watu hucheka. Ndiyo heshima yake."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

Alikwenda kukaa benchi la nyuma, kofia mapajani. Pelagia alijua kaka yake amekwepa, na hakujua anamkinga nani. Hakupata nafasi ya kulifikiria, kwa kuwa aliitwa yeye.

Festo alimuuliza jina, cheo, miaka ya kazi. Alimuuliza juu ya mpagazi na mzigo, na mwamuzi akatabasamu kidogo akiandika. Aliweka makubazi mezani, yakapewa namba ya kielelezo. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama Festo alivyosema, kesi ya kushinda ukiwa umelala.

"Sasa, mama Pelagia. Ulipoonyesha ule mchezo wa mizani, ulikuwa unatania?"

Pelagia alifungua mdomo. Na katika kufungua alimtazama Mustafa, kwa hamu tu ya kuona uso wake anaposhindwa. Mustafa hakuwa na uso wa kushindwa. Alikuwa ameinama mbele, mikono ameikutanisha, anaitikia kwa kichwa taratibu kumhimiza: sema, sema. Wakili wake alikuwa ameshika kalamu tayari. Ndipo Pelagia alipoelewa walichokuja kukitafuta. Wangelipa fidia, wangemrudisha kazini, wangeshindwa kesi kwa moyo mweupe, ilimradi watoke na uamuzi wenye muhuri unaosema hapakuwa na mguu chini ya mizani. Karatasi ileile aliyoisukuma sakafuni, alikuwa karibu kuwaandikia bure, tena kwa kiapo. Na yeye angerudi kwenye ofisi yake na gari lake, na ndoo ya bluu ingekuwa haijawahi kuinuliwa na mtu.

"Nilikuwa natania," alisema.

Revocatus akaanza kuandika.

"Na nilichokionyesha ni kweli."

Feni ilikuwa inalia. Festo alisogea karibu naye. "Mama, ngoja, swali langu lilikuwa..."

"Nimelisikia swali lako, mwanangu. Mtani ana haki ya kutania kwa kitu cha kweli, na hiki kilikuwa cha kweli. Alikuwa anainua bamba kwa kidole gumba, kila ndoo, miaka yote niliyomkuta."

"Muongo!" Mustafa alikuwa amesimama. "Mwanamke muongo! Mheshimiwa, anatukomoa huyu!"

"Kaa chini, Mkurugenzi," alisema mwamuzi bila kuinua sauti. Akamgeukia Pelagia. "Shahidi, umeapa. Hilo unalisema kwa kuona, au kwa kusikia?"

"Kwa kufanya, Mheshimiwa."

Aliomba kielelezo. Akavua kiatu chake cha kanisani, akavaa kubazi la kulia la marehemu, akavuta chini boksi la mafaili lililokuwa pembeni ya meza. Safari hii hakuiga sauti ya mtu, wala hakukusanya kanzu. Aliuliza tu, kwa sauti yake mwenyewe, akitazama ukutani, "Baba, kifua kinaendeleaje?" na boksi likainuka upande mmoja, kidogo, kidogo sana, likakaa hewani. Hakuna aliyecheka.

"Nilifanya hivi miaka saba," alisema. "Baada ya mzee ilikuwa mimi. Andika, Mheshimiwa."

Mwamuzi aliandika. Revocatus aliuliza maswali mengi baada ya hapo, kwa ukali, akitaka kuonyesha kwamba basi shahidi ni mwizi kwa kinywa chake na kampuni ilikuwa na haki ya kumfukuza. Pelagia alijibu ndiyo kila ilipokuwa ndiyo. Festo alikuwa ameziba uso kwa faili. Waliambiwa uamuzi utatoka ndani ya siku thelathini, na kila mtu mle ndani aliweza kuuandika mwenyewe.

Ukumbini Mustafa alimsubiri, shingo imejaa mishipa. "Umejimaliza. Unajua umejimaliza? Polisi nitakupeleka mimi mwenyewe."

"Nipeleke. Utaulizwa nilikuwa namwibia nani kwa niaba ya nani."

"Ungesema neno moja tu!"

"Ulilitaka sana," alisema Pelagia, akampita. Kwa hatua kama kumi alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia tangu msiba. Chuki ina utamu wake, tusidanganyane.

Kisha akamwona Vedasto nje, tayari ameshavaa kofia, mkoba begani, ameelekea upande wa stesheni. Alimkimbilia, kiatu cha kanisani mguu mmoja, kubazi mguu wa pili, hakuwa amekumbuka kubadilisha.

"Kaka! Kaka, subiri."

Vedasto alisimama. Hakugeuka mara moja.

"Nilitaka kukuambia kule Bukene," alisema Pelagia. "Nilishindwa. Na wengine nitakuja kuwaambia, wote, nyumba kwa nyumba. Kuhusu mzee, najua mmeumia kusikia..."

"Mzee?" Vedasto aligeuka. "Mguu wa mzee sisi tuliujua tangu zamani. Unadhani nani alipiga kelele ya mizani pale msibani? Mimi. Tulikuwa tunasimama pale tunaangalia chini, tunauona, na yeye anajua tunauona. Akizidisha tunakohoa, anaushusha kidogo. Ndivyo tulivyouziana miaka yote."

Pelagia alirudi hatua moja nyuma.

"Ndoo za baba pia?" aliuliza Vedasto.

"Na za baba."

Vedasto aliutazama mguu wa dada yake, kubazi lile lililolika upande mmoja. Uso wake haukuwa na hasira, na Pelagia angelipa chochote auone una hasira.

"Ulipoishika mizani wewe," alisema, "baba alitukusanya uani akatuambia, sasa pale yupo mtoto wetu. Marufuku mtu kuangalia chini. Ni kumvunjia heshima."

Aliuweka sawa mkoba begani. Treni ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza, na yeye ana mizinga ya kupandisha. Aliondoka akifuata kivuli cha ukuta, na Pelagia hakumfuata.